Ilimu ya Mitandao na Amana Yake



Kila mwaka, matokeo ya mitihani yatokapo, husikika katika mabaraza yetu swali moja. Kijana asema ataka kwenda chuo kikuu kusoma mitandao ya kompyuta, na tena ataka kuisoma katika daraja zake za juu, miaka mitatu au minne, na pengine miwili zaidi juu ya hiyo. Mzee huuliza: Je, hiyo ni ilimu, au ni ufundi wa kuunganisha nyaya? Na kama ni ufundi wa nyaya, kwa nini asikae na fundi mjini miezi sita, gharama zikapungua, naye akapata kuwasaidia wadogo zake mapema?

Swali hili si la kuchekwa, wala hatupendi tuonapo vijana wakilicheka. Mzazi ndiye alipaye karo, na mwenye kulipa ana haki ya kujua anunua nini. Walakini jawabu lake lahitaji maelezo kidogo, nasi twaomba subira ya msomaji.

Fundi wa mitandao, naye ni mtu wa heshima na kazi yake ni ya halali, ajua mashine ifungwe wapi, waya upite wapi, na nambari zipi ziandikwe ili kazi iende. Mwenye ilimu ataka kujua kwa nini kazi yenda, na siku isipokwenda, hali kila kitu ni kizima, ni kwa sababu gani. Tofauti hiyo yaonekana wazi katika kisa kilichotokea Marekani mwezi wa Oktoba, mwaka 1986. Huko California pana maabara ya Lawrence Berkeley, na karibu yake Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baina ya pawili hapo palikuwa na yadi 400 tu, mtu aweza kutoka huku akafika kule chai yake haijapoa. Mtandao uliopaunganisha ulikuwa ukichukua biti 32,000 kwa kila sekunde. Ghafula ukashuka hata biti 40. Si elfu arubaini, bali arubaini. Nyaya zilikuwa nzima na mashine zilikuwa nzima. Fundi angalikwenda na bisibisi yake asingalikuta kilichovunjika.

Maradhi yalikuwa haya. Barua itumwayo kwa kompyuta haiendi nzima. Hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa anwani ya iendako na ya itokako, kisha ikasafiri peke yake. Njiani mna vituo viitwavyo ruta, na kazi ya ruta ni kuisoma anwani na kuielekeza pakiti mbele. Zikija nyingi kwa pamoja hupangwa foleni. Foleni ikijaa, ijayo baadaye hutupwa. Kompyuta iliyoituma, isipopata jawabu kuwa imefika, huituma tena. Basi njia ilipokuwa imesongamana, kila mmoja alizidi kutuma yale yale aliyokwisha kuyatuma, na kwa kutuma kwao wakaizidisha ile foleni iliyowazuia. Watu wakishindania mlango mmoja kwa kusukumana, hapana atokaye.

Dawa yake iliandikwa mwaka 1988 na Bwana Van Jacobson pamoja na Bwana Michael Karels. Mtumaji aanze kwa kidogo, aongeze kwa kadiri aonavyo majibu yanarudi, na pakiti ikipotea aifahamu kuwa ni dalili ya msongamano, apunguze mwendo wake sana, kisha apande tena polepole. Yametiwa marekebisho mengi tangu wakati huo, lakini shauri hilo bado ni msingi wa sehemu kubwa ya intaneti. Na tazama ajabu yake: njiani hapana askari wa kumlazimisha mtu. Kila kompyuta hujizuia yenyewe ili wengine wapite.

Na asiyejizuia je? Hapa ndipo mwanafunzi wa daraja ya juu anapoanza kazi. Akitokea mmoja asiyepunguza mwendo, wenye adabu ndio watakaonyimwa. Tena, njia ikigawanywa sawa kwa sawa kwa kila mazungumzo, mtu mmoja afunguaye mazungumzo kumi kwa pamoja apata mafungu kumi, na jirani yake mwenye moja apata moja. Je, usawa huo ni uadilifu? Ugawanywe kwa mazungumzo, au kwa nyumba, au kwa aliyelipa? Maswali haya hufanyiwa hesabu, huandikiwa programu, na hujadiliwa na wataalamu mpaka leo. Mzee aliyepata kusimamia mirathi atafahamu upesi kuliko mjukuu wake kwamba kugawa si kazi nyepesi.

Sasa twende katika mlango ambao sisi twauona ni mtamu kuliko yote, na ambao kijana aliyesoma chuoni kwa masheikh zetu ataingia nao darasani akiwa na kitu mkononi. Intaneti si mtandao mmoja. Ni mitandao maelfu kwa maelfu, kila mmoja na mwenyewe: makampuni ya simu, vyuo, mabenki, serikali. Hujuana kwa kupeana khabari, kwa kanuni iitwayo BGP. Mmoja humwambia jirani yake, "Anwani hizi ziko kwangu." Jirani humwambia wa pili, "Anwani hizi ziko kwa fulani, nami ni njia ya kumfikia." Wa pili humwambia wa tatu, na kila mpokeaji huongeza jina lake katika orodha, hata khabari ikimfikia wa mwisho huja na majina ya wote walioipokea na kuipitisha. Je, hii si sanadi? Hatuilinganishi khabari ya nyaya na hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kwa utukufu, hasha. Twalinganisha namna ya kazi tu. Wanazuoni wa hadithi waliuliza tangu zamani: huyu aliyepokea ni nani, ni mkweli, alikutana kweli na aliyempokelea? Waliojenga BGP hawakuuliza. Walijuana, wakaaminiana.

Matokeo yake yalionekana mwezi wa Februari, 2008. Serikali ya Pakistan iliamuru YouTube izuiwe nchini mwake. Kampuni ya simu ya huko ikatangaza kwamba anwani za YouTube ziko kwake, ili atafutaye asifike. Tangazo hilo lilikusudiwa la ndani, likavuja nje. Kampuni moja ya Hong Kong ikalipokea bila ya kulihakiki, ikalipitisha. Na kwa kuwa mitandao ina dasturi ya kuifuata khabari iliyo mahsusi zaidi, nalo lilikuwa mahsusi kuliko la wenyewe, dunia ikalisadiki. Kwa muda wa saa mbili hivi watu wa nchi nyingi waliotafuta YouTube walikuwa wakipelekwa Pakistan pasipo na kitu.

Dawa iliyoenea sasa huitwa RPKI. Kwa saini za siri za hesabu huthibitisha kwamba aliyetajwa kuwa asili ya khabari ana haki ya anwani zile. Basi. Wa katikati hawahakikishwi, na mwongo aweza kulitaja jina la mkweli akajitia nyuma yake katika silsila. Kanuni ya kuihakiki silsila yote iliandikwa mwaka 2017, lakini walioitumia ni wachache mno, kwa sababu ni nzito, na faida yake haionekani mpaka wengi wakubaliane. Kazi hiyo yangojea watu. Amri ya kuchunguza khabari kabla ya kuifuata, iliyomo katika Suratul Hujurat, aya ya 6, vijana wetu wameihifadhi tangu utotoni. Twaona hapana ajabu mmoja wao akiwa miongoni mwa watakaolimaliza jambo hili.

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya ni ya California na Hong Kong, kwetu yatuhusu nini. Yatuhusu tangu zama za Sayyid Barghash, kwani Unguja ilifikiwa na waya wa telegrafu wa chini ya bahari mwaka 1879, ukitoka Aden kwenda Durban. Waya wa kioo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo pwani yetu ilitegemea setilaiti, iliyo ghali na ya kukawia. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika ya Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine zikaona taabu. Wenye kutuma fedha kwa simu, wenye maduka na wenye kazi za mbali wote waliuliza siku ile kwa nini njia nyingine hazikutosha. Jawabu la swali hilo si la fundi wa mtaani. Ni la mtu ajuaye kupanga njia nyingi, kuzipima, na kujua mapema ni nyaya ngapi zaweza kukatika pamoja.

Tena kuna kisa cha Nairobi. Zamani barua itokayo kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, mji huo huo, ilikwenda ng'ambo kwa setilaiti ikarudi, na njia hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 2000 makampuni ya intaneti yalianzisha mahali pa kubadilishana barua hizo hapo hapo mjini. Pakafungwa kwa amri baada ya muda mfupi, kwa hoja za leseni, na mwaka 2002 pakafunguliwa tena, na pangalipo. Walioshinda katika jambo hilo walihitaji kueleza, kwa hesabu na kwa hoja, jambo ambalo wasiosoma hawakuliona.

Imam Ghazali katika Ihya aliihesabu tiba na hisabu kuwa miongoni mwa fardhi kifaya, kwa kuwa mji hauwezi kuishi bila ya watu wazijuao. Sisi si mamufti, lakini atakayetuuliza kama ilimu hii yaweza kuingia katika mlango huo, twamwambia atazame mji wake siku intaneti ikatikapo, kisha amuulize sheikh wake.

Limebaki jambo zito kuliko hayo yote. Mwanafunzi wa mitandao hufundishwa darasani kuzifungua pakiti zipitazo na kuzisoma. Hana budi, kama tabibu asivyokuwa na budi kuuona mwili wa mgonjwa. Siku hizi barua nyingi zimefungwa kwa siri, na msomaji atapenda kujua kwamba Al-Kindi huko Baghdad, katika karne ya tisa, aliandika namna ya kuvunja maandishi ya siri kwa kuhesabu marudio ya herufi. Lakini hata barua iliyofungwa barabara humwonyesha akaaye kwenye ruta nani asema na nani, saa ngapi, na kwa kiasi gani. Kwa ilimu hiyo mtu aweza kujua siri za mtaa mzima bila ya kufungua bahasha hata moja. Aya ya 12 ya sura ile ile imekataza kupelelezana, nayo haikubagua baina ya kuchungulia dirishani na kuchungulia katika waya. Twalisema hili kwa uzito kwa sababu tumeona nyumba ambamo kijana mjuzi hutumwa kuchungulia simu ya dada yake mtu mzima, au ya mke wa kaka yake, na wakubwa wakaliita jambo hilo ulinzi. Mtoto mdogo ana walii wake wa kumwangalia, hilo ni jambo lingine. Mtu mzima ana sitara yake. Kijana azoezwaye upelelezi nyumbani ataupeleka ofisini, kwenye benki na hospitali, na hapo hapana wa kumwona.

Kwa habari ya binti zetu hatutasema mengi. Kanuni izuiayo pakiti zisizunguke bila mwisho katika mtandao wa jengo, inayotumika dunia nzima, ilibuniwa na mwanamke, Bibi Radia Perlman, mwaka 1985. Ni kazi ya akili na utulivu, tena nyingi yaweza kufanywa mtu akiwa kwake. Atakaye kumzuia binti yake alete sababu nyingine.

Kijana aliyekwisha kuamua aitengeneze hisabati yake kwanza, khasa hisabu ya uwezekano, na ile ya vituo na njia aliyoishughulikia Dijkstra alipotafuta njia fupi kuliko zote. Ajifunze kuandika programu. Aulize chuo kabla ya kulipa: wanafunzi huandika wenyewe programu za ruta na za kutuma pakiti, au hukariri majina? Vyeti vya makampuni vina faida ya kupatia kazi, lakini hufundisha mashine za kampuni hiyo. Kanuni zenyewe za intaneti, ziitwazo RFC, zimeandikwa tangu mwaka 1969 na husomwa bure. Na kwa programu ya Mininet aweza kujenga mtandao wa ruta nyingi ndani ya kompyuta yake moja, akauharibu na kuutengeneza asimkere mtu.

Mzazi naye, akitaka kujua kama karo yake yafanya kazi, amwambie mtoto afungue kompyuta na aiite traceroute, programu aliyoiandika yule yule Jacobson mwaka 1987. Itamtolea orodha ya vituo pakiti inavyopita, kimoja baada ya kimoja. Akiona kwamba iendayo mji wa jirani imepita Ulaya, amuulize kwa nini, na ni nani aliyeamua hivyo.

Suala la mikopo ya masomo yenye riba, ambalo tumeulizwa mara nyingi, lahitaji nafasi yake. Tutaliandika mwezi ujao, inshaallah.