Mtoto Mtundu wa Katuni na Kauli ya Makoongwe

Tunapojadili filamu za katuni za watoto, ni rahisi kushughulikia vituko vya mtoto mtundu na kuisahau kauli yake. Tuangalie Masha and the Bear, mfululizo wa Urusi ulioanza mwaka 2009. Masha anapika uji, uji unafurika nyumba nzima ya Dubu. Dubu mwenyewe hasemi neno. Anayesema ni mtoto, na sauti iliyotumika hapo mwanzo ilikuwa ya mtoto hasa, Alina Kukushkina. Hata jina la kipindi hicho katika Kirusi lina vina, kwani "Masha" na "kasha", yaani uji, hulandana. Kichekesho kimo ndani ya lugha.

Kwetu, asasi ya Ubongo ya Dar es Salaam ilianzisha Ubongo Kids mwaka 2014 na Akili and Me mwaka 2016. Akili, mtoto wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro, kila alalapo huingia nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama. Kazi hiyo naisifu. Lakini Akili husema Kiswahili sanifu kilichonyooka mno kwa umri wake.

Huko Makoongwe, kisiwa kidogo kinachotazamana na Mkoani, mama aonaye uji umemwagika atasema: "Ntoto kamwaga uji!" Hapo /m/ imekuwa /n/ kwa kufuata mahali pa matamshi ya /t/, na ka- imebeba nafsi ya tatu pamoja na hali timilifu. Hiyo ni sarufi kamili, si ubovu wa matamshi. Whiteley aliichapishia Kipemba kitabu tangu mwaka 1958, na bado darasani mtoto husahihishwa.

Itasemwa kwamba katuni hulenga Afrika Mashariki nzima, na kwamba usanifu uliosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930 sharti ulindwe. Hoja ya kwanza ina uzito, ingawa picha humsaidia mtazamaji wa Nairobi kuelewa. Ya pili siikubali: mtundu mmoja asemaye Kipemba kati ya wakubwa wasemao sanifu havunji kitu. Katika vichekesho vyetu lahaja huvishwa mshamba ili achekwe. Mtundu wa katuni hachekwi hivyo. Yeye ndiye huwashinda wakubwa, na nafasi hiyo mtoto wa Makoongwe hajapewa.

Wanafunzi wetu wa shahada za juu wangefaa kwenda huko na vinasa sauti, wakusanye maneno ya watoto wachezapo na wagombanapo. Mwandishi wa mswada hawezi kuyabuni mezani.