Urithi: karatasi za parseli zinapobaki kwa baba mdogo

Mjini Lubumbashi, matanga yakiisha ndipo ugomvi wa parseli unaanza. Baba mdogo anashika karatasi za nyumba, wakili anasema « rudieni wiki ijayo », na wapangaji wanaendelea kumlipa yule mwenye karatasi. Huyo hana haraka hata kidogo.

Hata hivyo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, iko wazi. Watoto wa marehemu, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa naye akiwa hai, wanapata robo tatu ya mali. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Baba wadogo, wajomba na mashangazi wako kundi la tatu, ingawa mara nyingi ndio wanaofika wa kwanza.

Shida iko kwa msimamizi wa urithi. Kwa kawaida ni mtoto mkubwa, ama yule warithi wamemchagua. Akikataa au akishindwa, mahakama inaweza kuteua mwingine, lakini familia nyingi zinaogopa kumpeleka ndugu mbele ya hakimu.

Kwa wakili, woga huo hauna sababu. Warithi wanaweza kumwondoa na kuchukua mwingine, au kumshitaki kwa batonie, mkuu wa mawakili. Wakati huo cheti cha usajili kingali na jina la marehemu, na kodi ya mwezi huu imeshalipwa kwa baba mdogo.