Msiusingizie ukungu

Kuna kauli nimechoka kuisikia. Kila piano inapoharibika huku kwetu Lushoto, lazima atokee mtu na hukumu yake: "Hicho ni chombo cha Ulaya bwana, hali ya hewa ya milimani hakiiwezi." Basi, wanaitandikia kitambaa, wanapanga juu yake picha za harusi. Piano imekuwa kabati!

Hivi jamani, Ulaya hakuna mvua? Steinway wana kiwanda Hamburg tangu 1880, na Hamburg si jangwa. Na hicho "chombo cha Ulaya" kimetengenezwa na nini? Karne ya 19 pembe za ndovu zilibebwa mabegani na wapagazi wetu hadi pwani, zikapita Zanzibar, zikaishia Ivoryton, Connecticut, zikakatwa kuwa vibonyezo vya piano. Leo tunaambiwa piano haituhusu!

Tofauti ni kwamba wenzetu wanapasha nyumba joto. Sisi, mita kama 1,400 juu ya bahari, tunafungua madirisha saa moja asubuhi ukungu uingie, eti chumba kipate hewa.

Nyuma ya nyaya za piano kuna ubao mwembamba unaokuza sauti. Ubao huo unakunywa unyevu, unavimba, unasukuma nyaya, sauti inapanda. Kiangazi unasinyaa, sauti inashuka. Wakati huohuo vibonyezo vinakwama na nyaya zinashika kutu. Piano inapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50 hivi, na zaidi ya yote inachukia kuyumbishwa. Nyumbani kwetu, asubuhi za masika, kipimo kinasoma 85. Fundi mmoja aliitazama piano yetu akasema imekufa, tuiuze mbao. Hakuuliza hata inakaa chumba gani! Mdogo wangu anajifunzia hiyohiyo.

Dawa si uchawi. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 85, ukiipasha hadi 23, unyevu unashuka hadi kama 62 bila kuondoa tone la maji. Ndiyo maana wazee waliweka balbu ndani ya piano. Lakini balbu za LED za siku hizi hazitoi joto la maana, na balbu ya zamani ikigusa mbao ni moto. Kuna fimbo za kupasha zilizotengenezwa kwa ajili ya piano, zenye kifaa kinachoziwasha na kuzizima kulingana na unyevu. Bakuli la mkaa au mchele ni kujifariji tu.

Mtaniambia ni ghali. Haya, anzeni na visivyo na gharama: fungeni madirisha wakati wa ukungu, fungueni mchana jua likiwaka. Isogezeni piano mbali na ukuta wa nje, na mbali na tanuri la kuotea moto pia. Kipimo kidogo cha unyevu ni bei ya kitenge. Vitenge mnavyo vingapi?

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mawili: ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Magamba, na ukungu unaoota juu ya vitu vilivyotelekezwa. Wa kwanza ni kazi ya Mungu. Wa pili ni uzembe wetu, tusiubatize jina la hali ya hewa.

Nimemaliza. Nirushieni mawe.