Kura Peke Yake Haitoshi, Tudai na Hesabu



Hapa Kimaka ukitaka barua ya utambulisho unaenda kwa mwenyekiti wa LC1. Sisi wakimbizi hatumchagui, raia ndio wanaomchagua. Mwaka 2018 walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa. Lakini kwenye makazi kama Nakivale na Kyangwali tuna viongozi wetu, RWC, na hao tunawachagua wenyewe. Tunapiga kura, tunashangilia, halafu tunaenda kulala. Hapo ndipo tunapokosea.

Zamani sana, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mji wa Athens kule Ugiriki ulikuwa na viongozi wa mwaka mmoja tu. Wengine walipigiwa kura, wengi walipatikana kwa bahati nasibu. Muda ukiisha, kila mmoja alitoa hesabu ya pesa za umma alizoshika, na raia yeyote aliweza kusimama kumlalamikia. Roma nako walichagua matribuni wa kuwatetea watu wa kawaida. Mlango wa nyumba ya tribuni haukufungwa, mchana wala usiku. Sasa jamani, sisi tunamjua kiongozi ambaye simu yake inazimwa kila orodha ya msaada inapofika!

Mtatuambia Athens haikuwa pepo. Ni kweli. Wanawake na watumwa hawakupiga kura. Hata wageni waliohamia pale walilipa kodi yao ya pekee, wakaenda vitani kwa ajili ya mji, na kura hawakupata. Hao tunawaelewa vizuri. Ndiyo maana pale ambapo sisi tuna kura, tusiitumie nusu.

Tunaomba hivi. Kabla ya uchaguzi mwingine, kila kamati ya RWC ikae mbele ya watu isome: tulipokea nini, tulimpa nani, kimebaki nini. Maswali yaruhusiwe, hata ya mama asiyejua kusoma. Nanyi wa mashirika, msipokee orodha iliyoandikwa na mtu mmoja chumbani. Ibandikwe ukutani kwanza, tuione.

Na tusinyooshee wengine kidole tu. Kamati yetu ya vijana ianze. Aliyeshika daftari letu alisome mbele yetu, halafu ndiyo tuongee habari ya kumchagua tena.