Kriketi ya vijana isiishie siku ya kombe

Mwezi Aprili 2025 vijana wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka 19 waliongoza mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyofanyika mjini Lagos, Nigeria. Kwa ushindi huo walijipatia tiketi ya fainali za Kombe la Dunia la kriketi la vijana, zilizochezwa Zimbabwe na Namibia mwanzoni mwa mwaka 2026. Walipangwa kundi moja na Afrika Kusini, West Indies na Afghanistan. Nchi yao haikupata kufika hapo tangu mashindano hayo yaanzishwe. Sisi waandishi hatuna budi kukiri kwamba habari hiyo haikupewa nafasi iliyostahili kurasani. Kandanda ilikuwa imekwisha kuzijaza.

Tunarudi kwenye jambo hilo leo kwa sababu linahusu zaidi ya timu moja na safari moja. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki imekuwa desturi, hasa nyakati za likizo za shule, kuwakusanya vijana katika matamasha ya kriketi. Watoto hufika kwa mabasi, hupangwa kwa umri, hucheza siku kadhaa, kombe hutolewa, hotuba husomwa, na kila mtu hurudi kwao. Tunayapongeza matamasha hayo na wale wanaojitolea kuyaandaa. Hata hivyo tunadhani wakati umewadia wa kuuliza swali ambalo wageni wa heshima hawaulizwi siku ya kilele: mtoto aliyeshika gongo Jumamosi atalishika tena lini?

Swali hilo lina historia yake. Mwaka 1975 timu iliyoitwa Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kushiriki Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume. Ilicheza na New Zealand, India na Uingereza, ikashindwa mara zote tatu. Wengi wa wachezaji wake walikuwa na asili ya Bara Hindi, na Waafrika weusi walikuwa wachache mno, akiwamo marehemu John Nagenda wa Uganda. Haikuwa ajabu. Viwanja vilikuwa mali ya vilabu na jumuiya fulani fulani, na mtoto wa mkulima au wa kibarua aliuona mchezo huo kutoka nje ya ua, kama aliuona kabisa. Jumuiya hizo tunazishukuru kwa kuutunza mchezo katika miaka ambayo hakuna mwingine aliyeujali. Lakini mchezo unaorithiwa na familia chache hauwezi kuwa mchezo wa taifa.

Kenya iliubomoa ua huo kabla ya jirani zake, na matokeo yake dunia iliyaona. Mwaka 1996, huko Pune nchini India, Kenya iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia kwa tofauti ya mikimbio 73. Maurice Odumbe na Steve Tikolo wakawa majina ya kutajwa mitaani. Mwaka 2003 Kenya iliishinda Sri Lanka mjini Nairobi, ikaendelea hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hakuna nchi nyingine ya Afrika Mashariki iliyopata kufika huko.

Sasa msomaji na atazame jambo la pili, ambalo halikupigiwa makofi wala kuliliwa machozi wakati ule. Timu ya vijana ya Kenya ilishiriki Kombe la Dunia la vijana mwaka 1998, mwaka 2000 na mwaka 2002. Baada ya hapo haikuonekana tena katika fainali hizo mpaka mwaka 2018. Hiyo ni miaka 16. Yaani wakati taifa zima lilipokuwa likishangilia wakubwa mwaka 2003, wadogo walikuwa wameanza kutoweka nyuma yao. Kina Tikolo walizeeka kama binadamu wote wanavyozeeka, na waliotakiwa kupokea nafasi zao hawakuwa wameandaliwa kwa idadi ya kutosha. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Tunajua kwamba migogoro ya uongozi na ya malipo ya wachezaji nayo ilichangia sana, na si haki kuitupia lawama sababu moja. Hata hivyo, nyumba yenye ugomvi huweza kupatana. Nyumba isiyo na watoto haina wa kuirithi hata ikipatana.

Upande wa Uganda tunaona mfano mwingine. Huko kriketi ilishika mizizi katika shule za sekondari. Busoga College Mwiri na King's College Budo ni kati ya zile zilizojijengea jina katika mchezo huo, na Wiki ya Kriketi ya Shule imekuwa mahali ambapo kijana wa Jinja hupambana na kijana wa Kampala akajua kiwango chake. Uganda ilipeleka vijana wake katika fainali za dunia mwaka 2004, mwaka 2006 na mwaka 2022. Mmoja wa vijana wa mwaka 2022, mrushaji Juma Miyagi, alikuwamo katika timu ya wakubwa iliyocheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, la kwanza kwa nchi hiyo. Katika mashindano hayo Uganda iliishinda Papua New Guinea kwa wiketi 3 huko Providence, Guyana. Siku chache baadaye West Indies iliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 39. Tunayataja yote mawili makusudi. Wiki ya shule iliwafikisha Waganda penye meza ya wakubwa, lakini kukaa mezani hapo kunataka zaidi ya wiki moja kwa mwaka.

Rwanda nayo inatufunza. Kriketi huko ilipata nguvu baada ya mwaka 1994, wakati wananchi waliokuwa uhamishoni katika nchi kama Uganda waliporejea na mchezo waliojifunza ugenini. Mwaka 2017 nchi hiyo ilifungua uwanja wa kriketi wa Gahanga, nje kidogo ya katikati ya Kigali. Januari 2023 wasichana wake wa chini ya miaka 19 walikwenda Afrika Kusini katika Kombe la kwanza la Dunia la wasichana wa umri huo, wakazishinda Zimbabwe na West Indies. Nchi ndogo, isiyo na kriketi ya miaka mingi, iliishinda West Indies kwa sababu iliwapa wasichana wake kiwanja na mazoezi. Wale ambao bado wanawaalika wasichana kwenye matamasha ili tu wacheze mechi moja ya maonyesho kabla ya fainali ya wavulana wangefaa kulifikiri hilo.

Kutokana na mifano hiyo sisi tunatoa hoja moja. Tamasha la vijana lipimwe kwa idadi ya watoto wanaoendelea kucheza baada yake. Jina la timu iliyoondoka na kombe ni kipimo kidogo mno. Tukikubali kipimo hicho, mambo kadhaa yatabadilika yenyewe.

Kwanza ni namna mechi za wadogo zinavyochezwa. Katika mechi nyingi za watoto, wapigaji wawili hodari husimama kati kwa muda mrefu, warushaji wawili wenye nguvu humaliza ova zao zote, na wengine saba hutumwa pembeni kukimbiza mpira. Mtoto aliyesafiri kutwa nzima huweza kurudi nyumbani bila kupiga hata mpira mmoja. Mtoto huyo hatarudi mwakani, na hatuwezi kumlaumu. Dawa yake inajulikana na inatumika katika nchi nyingine: kila jozi ya wapigaji hupewa ova zake maalumu, na anayetolewa hupunguziwa timu yake mikimbio lakini haondoki kiwanjani. Kila mtoto hupiga, kila mtoto hurusha. Kwa wale walio chini ya miaka 13 utaratibu huo ungefaa kuwa sheria.

Pili ni uaminifu wa umri. Sote tunajua, ingawa hatupendi kusema, kwamba katika michezo ya vijana wapo wakubwa wanaopewa vyeti vya wadogo. Mwalimu anayefanya hivyo hudhani anaitetea shule yake. Kwa kweli anamwibia nafasi mtoto wa miaka 14 aliyekaa benchi, na anamfundisha yule mkubwa kwamba uongo hulipa. Kriketi ni mchezo unaojivunia unyoofu, kiasi kwamba wapo wapigaji wanaoondoka wenyewe kabla mwamuzi hajanyoosha kidole. Itakuwa aibu kuuanzisha mchezo huo kwa watoto wetu kwa cheti cha bandia.

Tatu ni miili ya watoto hao. Kurusha mpira kwa kasi hutesa mgongo na bega la kijana ambaye mifupa yake haijakomaa. Nchi zilizoendelea katika mchezo huu zimeweka kikomo cha ova ambazo mrushaji kijana wa kasi anaruhusiwa kurusha kwa siku. Tamasha linalochezesha mechi mbili kwa siku kwa siku nne mfululizo, bila kikomo cha namna hiyo, linaweza kumharibu mrushaji wa kesho ili kupata kombe la leo.

Nne, na hili ndilo zito, ni vifaa na viwanja. Kandanda huhitaji mpira mmoja, na pasipo mpira watoto hufunga matambara wakacheza. Kriketi ya mpira mgumu huhitaji gongo, pedi, glavu, kofia ya chuma na mahali palipo tambarare pa kudundisha mpira. Vitu hivyo huagizwa kutoka nje, na bei yake humtisha mzazi wa kawaida. Lakini si lazima mtoto aanze navyo. Mpira wa tenisi, gongo la plastiki au la mbao lililochongwa na fundi wa mtaani, na kipande cha ardhi kilichoshindiliwa vyatosha kwa miaka ya mwanzo. Njia ya sementi ya mita 20 iliyotandikwa mkeka hudumu miaka mingi, mvua ya masika ikinyesha au isinyeshe. Fedha zinazotumika kwa mahema, vipaza sauti na fulana za siku ya kilele zingeweza kuziachia shule kadhaa njia kama hiyo. Tungependa kila tamasha liache nyuma yake angalau njia moja ya sementi na mfuko mmoja wa vifaa katika shule isiyokuwa navyo.

Wapo watakaotuuliza kwa nini tushughulike na kriketi katika nchi ambazo bado zina shule zisizo na madawati. Ni swali la haki. Hatusemi kriketi itangulie madawati. Tunasema kwamba fedha za matamasha tayari zinatumika, na hoja yetu ni zitumikeje. Aidha, nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zimekabidhiwa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la kandanda la mwaka 2027, na macho na mifuko ya wote itaelekea huko. Mwaka huo huo Kombe la Dunia la kriketi la wanaume litakuwa katika bara letu, nchini Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Mwaka 2028 kriketi itarudi katika Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles, baada ya kukosekana tangu mwaka 1900. Milango inafunguka. Wa kuingia ndio wanaotakiwa kuandaliwa, na wao leo hii wako darasani.

Kwa hiyo tunavishauri vyama vya kriketi vya nchi zetu viweke daftari la kila mtoto aliyeshiriki tamasha, na baada ya miezi 6 vitangaze wangapi bado wanacheza. Wizara zinazohusika na elimu na michezo ziwape walimu wa shule za msingi mafunzo ya mchezo huu, kwani kocha mmoja wa mkoa hawezi kufika kila mahali, bali mwalimu yuko pale pale kila siku. Vilabu vyenye viwanja vifungue malango yake kwa shule za jirani angalau asubuhi moja kwa juma. Nasi wenye magazeti tuwape vijana hawa nafasi kurasani hata pale ambapo hakuna kombe la kupigwa picha.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Vijana waliorejea kutoka Namibia wametimiza wajibu wao, na wadogo zao wamewaona. Likizo ijayo watakusanywa tena, watapangwa kwa umri, na mmoja wao atapiga mpira kwa mara ya kwanza ukafika mpakani. Wakubwa wake wana wajibu wa kuhakikisha kwamba Jumatatu itakayofuata analikuta gongo shuleni kwake.