Kisu Hakitibu Lawalawa

Katika vijiji vingi vya Singida, mtoto wa kike akianza kujikuna sehemu za siri, akilia kila anapokojoa, au mama yake akiona wekundu na uchafu anapomwogesha, ugonjwa hupewa jina kabla mtoto hajafikishwa zahanati: lawalawa. Maelezo nayo yako tayari. Mizimu imeudhika kwa kuwa mila imeachwa, dawa ya hospitali haifui dafu, na pona yake ni kukeketwa. Bibi akitamka, wifi huitikia, na mama aliyejifungua juzi anakosa ubavu wa kuwabishia.

Imani hii ni ya uongo, na imewaumiza watoto kwa muda mrefu mno. Wala si ya kale kama wanaoitetea wanavyodai. Chris Ali na Agnete Strøm, walioandika mwaka 2012 kuhusu kazi ya kupinga ukeketaji katika mkoa jirani wa Dodoma, wanaeleza kuwa dai la kutibu lawalawa lilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukeketaji ulikuwapo kabla ya hapo. Sababu ya kitabibu ilikuja kuupa uhai mpya, na ngariba akapata kisingizio cha kuwafikia hata vichanga.

Muwasho wenyewe ni wa kweli. Mama anayeuona haoni mambo ya kufikirika, na anayemdharau hamsaidii. Ila mwili wa mtoto unautolea maelezo ambayo mizimu haina. Kwa mwanamke mzima, homoni ya estrojeni huunenepesha utando wa uke na kuwastawisha bakteria wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo huwazuia vijidudu wengi. Mtoto hana ulinzi huo mpaka abalehe. Utando wake ni mwembamba, asidi ni kidogo sana, na njia ya haja kubwa iko jirani. Mrija wake wa mkojo ni mfupi, hivyo bakteria wa utumbo hupanda kwa urahisi hadi kwenye kibofu. Kuna minyoo midogo myeupe, myembamba kama uzi, inayotoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa. Hiyo humwasha mtoto mpaka akakosa usingizi. Kichanga anayeshinda na nepi mbichi hupata fangasi. Na Singida ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua: kiangazi kikikolea, maji yaliyofuatwa mbali huenda kwanza jikoni.

Kuna jambo linalotisha zaidi. Mtoto wa kike aliyezaliwa karibuni anaweza kutoa ute mweupe, hata matone machache ya damu, katika siku zake za kwanza. Homoni alizopata tumboni mwa mama zinapungua mwilini mwake, basi. Hali hiyo hukoma yenyewe, haihitaji hata dawa. Mtoto mzima wa afya anaweza kukatwa kwa sababu ya alama ya kawaida kabisa ya uzima wake!

Watetezi wa kisu wana hoja moja wanayoiamini kwa dhati: waliokeketwa walipona. Sehemu kubwa ya miwasho ya utotoni hupoa yenyewe kwa siku chache, hasa mtoto akioshwa vizuri na kukaa mkavu, na mtoto mwenye kidonda huoshwa kuliko alivyokuwa akioshwa kabla. Sifa ya maji na ya muda anapewa ngariba. Bakteria na minyoo hawaishi ndani ya nyama iliyokatwa. Wakibaki, muwasho unarudi, sasa juu ya kovu.

Gharama yake ni kubwa. Kichanga mwenye kilo 3 ana damu ya mililita 240 hivi mwilini mwake mwote, haijazi chupa ya soda, na kisimi kina mishipa mingi ya damu. Kinachomwagika kidogo machoni pa mtu mzima kinaweza kummaliza. Akinusurika, kuna pepopunda, na miaka mingi baadaye kuna makovu yanayochanika wakati wa kujifungua.

Sheria ya mwaka 1998 inampa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 5 hadi 15. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kwamba Singida waliokeketwa wameshuka kutoka asilimia 31 mwaka 2015–16 hadi asilimia 20 mwaka 2022. Ni hatua njema, lakini hesabu hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kichanga anayekatwa kwa siri leo hataingia humo mpaka afikishe miaka 15. Hofu ya jela inamfanya bibi afunge mlango. Haimwambii kwa nini mjukuu anajikuna.

Hayo anapaswa kuambiwa kliniki, siku ya kupima uzito, na muuguzi asiyeona aibu kulitaja lawalawa kwa jina, anayemkagua mtoto mbele ya mama na bibi, anayepima mkojo, na kutoa dawa ya minyoo, ya fangasi au ya bakteria kulingana na alichokiona. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, sera ya serikali inataka huduma hiyo itolewe bure.