Tusimlaumu kifaranga kwa kosa la mashine

Ufugaji wa kuku wa kienyeji umeingia siku hizi katika nyumba nyingi za watu wa mishahara, nami sikutaka kuachwa nyuma. Nilinunua mashine ndogo ya kuangulia vifaranga, yenye nafasi ya mayai 56, nikaiweka pembeni mwa sebule. Siku ya 21 ilipotimia, vifaranga 38 walikuwa wametoka. Wengine watano walikuwa wametoboa ganda kisha wakakwama. Vilio vyao vilisikika nyumba nzima. Usiku huo nilikabiliwa na swali ambalo kila mwenye mashine ya aina hii hukutana nalo: je, niwasaidie au niwaache?

Jirani yangu, mfugaji wa miaka mingi, hakusita kunijibu. "Waache, Mwalimu. Asiyeweza kujitoa ndani ya ganda hawezi kuishi nje yake." Akanikumbusha kwamba mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Kwa maoni yake, ganda ni mtihani ambao maumbile yenyewe yameutunga, na anayeufeli hana budi kwenda zake.

Sikumsikiliza. Huruma ilinishinda, nikamtwaa mmoja wa wale watano, ambaye alikuwa ametoboa ganda saa tatu tu zilizopita, nikaanza kulibandua kwa ukucha. Kipande cha tatu kilitoka na damu. Kabla hakujapambazuka kifaranga yule alikuwa amekufa. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kaloleni, alilitazama lile yai kisha akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "ulichoangua hicho ni kitale, si nazi."

Maneno yale yalinikaa moyoni kwa sababu mbili. Kwanza, yalikuwa kweli tupu. Kifaranga anapotoboa ganda hajawa tayari kutoka. Huo ndio mwanzo wa kuvuta hewa ya nje kwa mapafu yake, na baada ya hapo hutulia kwa muda mrefu, mara nyingi kati ya saa 12 na 24. Sisi tulio nje hudhani amechoka au anakata roho. Kumbe ana kazi kubwa ndani. Damu iliyokuwa katika mishipa ya utando ulio chini ya ganda inarudi mwilini mwake, na mabaki ya kiini cha yai yanaingizwa tumboni. Kiini hicho ndicho akiba itakayomlisha kwa siku mbili au tatu za mwanzo, na ndicho kinachowezesha vifaranga wa siku moja kusafirishwa mbali bila chakula. Anayelibandua ganda wakati huo anaikata mishipa ingali na damu. Nilichokiita huruma kilikuwa haraka.

Sababu ya pili inahusu taaluma yangu. Mama alitumia kitenzi kimoja kwa yai na kwa nazi, na Kiswahili ndivyo kinavyotaka. Huangua nazi aliyepanda mnazi, na huangua mayai kuku aliyeyalalia. Kifaranga yeye huanguliwa. Mtu anaweza kudai kwamba lugha yetu imekosea, kwa kuwa kuku halipasui ganda hata mara moja. Kifaranga ndiye anayelikata kwa ncha ngumu iliyo juu ya mdomo wake. Hata hivyo, naona lugha imeona mbali. Kwa siku 21 kuku huyapa mayai joto na kuyageuza mara nyingi kila siku. Katika saa za mwisho huitikia sauti za watoto wake wangali ndani ya ganda. Tendo la kuangua ni hayo yote, na kupasuka kwa ganda ni mwisho wake tu.

Basi nauliza: kuku akiondolewa na mashine ikawekwa mahali pake, ni nani anayeangua? Si mashine, maana haijui kitu. Ni mwenye mashine. Wamisri wa kale, ambao wana zaidi ya miaka 2,000 wakiangua mayai katika matanuri, walilielewa jambo hili. Wahudumu wa matanuri yale walikaa humo humo na mayai yao, wakipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Walijua kwamba wamechukua nafasi ya mama.

Mimi sikuijua nafasi hiyo. Yapasa joto likae karibu na nyuzi 37.5, mayai yasigeuzwe tena baada ya siku ya 18, na unyevu uongezwe katika siku tatu za mwisho. Nami nilisahau kujaza maji katika siku ya 19. Tena kila nilipopita karibu na mashine nilifunua kifuniko ili nichungulie, na kila nilipofunua, unyevu uliosalia ulitoroka. Hewa ikikauka hivyo, ule utando hukauka pia, ukamganda kifaranga mwilini hata asiweze kujizungusha na kulikata ganda. Nguvu anazo, ila amefungwa kamba. Na aliyemfunga ni mimi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na jirani yangu. Methali yake haina ila, lakini mtoto wa kuku asiyefunzwa kuchakura ni yule aliyelelewa na kuku. Maumbile hayakuutunga mtihani uliowashinda vifaranga wangu. Niliutunga mimi kwa uzembe wangu, kisha nikataka kuwahukumu kuwa ni dhaifu. Kuku havunji yai lake, wala hamlaumu mwanawe kwa maji ambayo yeye mwenyewe hakuyatia.

Nakiri kwamba hoja ya jirani ina uzito wake. Kiwanda kinachoangua maelfu ya mayai hakiwezi kumhudumia kifaranga mmoja mmoja. Wapo pia wanaokwama kwa sababu wamekaa vibaya ndani ya yai au wana kasoro ya kuzaliwa, na hao hata wakitolewa huishi kwa taabu. Asiyejua kwa nini kifaranga alikwama asimweke kuwa kuku wa mbegu. Haya yote nayakubali. Nisilolikubali ni kuyageuza kuwa kisingizio cha kutojiuliza.

Kwa hiyo nilijiuliza maswali matatu, nami nayatoa kwa yeyote aliye na mashine nyumbani. Je, saa 24 zimepita tangu ganda litobolewe bila kazi kuendelea? Je, utando umekauka na kubadilika rangi? Je, kosa ni la nani? Nilipopata ndiyo kwa maswali mawili ya mwanzo, na jina langu kwa la tatu, nilijaza maji ya vuguvugu ndani ya mashine, nikaulowesha utando kwa pamba, nikabandua ganda kidogo kidogo kuanzia upande mpana. Nilipoona alama ya damu nilikoma, nikamrudisha ndani kwa saa kadhaa. Sikumtoa yeyote mzima mzima. Msukumo wa mwisho nilimwachia mwenyewe.

Kati ya wanne waliosalia, mmoja alikufa kabla sijamfikia. Wa pili alitoka akiwa na mguu uliopinda, akafa siku ya nne. Wawili wanachakura nyuma ya nyumba ninapoandika haya, na hakuna aliyewafunza.

Wako watakaosema hii ni kelele nyingi kwa ajili ya vifaranga wawili. Lakini kauli ya "asiyeweza aachwe" nimeisikia pia katika vikao vya walimu, ikisemwa juu ya wanafunzi tuliowafundisha sisi wenyewe. Yawezekana baadhi yao ni dhaifu kweli. Kabla ya kutamka hivyo, ni haki kwanza tukague kama maji yalitiwa.

Mwenye kuku anaweza kuketi akasubiri, kwa kuwa kazi inafanywa na mwenye kuijua. Mwenye mashine hana ruhusa hiyo. Subira ni wajibu wake hadi saa ya subira ipite, na baada ya hapo wajibu wake ni mkono mwepesi. Ajuaye kutofautisha saa hizo mbili ndiye anayestahili kusema kwamba ameangua.